Njahi Tumboni mwa Chifu

Waruguru aliheshimika mtaa mzima wa Witeithie, na angeheshimika zaidi kama asingewaambia watu kazi aliyoifanya. Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Akina mama wa kanisa walipomuuliza anafanya kazi gani kule Ruiru, angeweza kusema "ofisini" na mambo yakaisha. Lakini Waruguru hakujua kudanganya, na hata angejua, nadhani angeona uvivu. Akawaambia anafanya utafiti katika kituo cha malisho ya mifugo. Wakatikisa vichwa kwa adabu. Utafiti gani? Wa jinsi ng'ombe anavyomeng'enya chakula. Wakazidi kutikisa vichwa. Na mnajuaje yanayotokea tumboni? Akawajibu kwamba ng'ombe wao ana dirisha.

"Dirisha? La kioo?" mama mmoja aliuliza.

"La mpira. Liko na kizibo. Unatoa kizibo, unatia mkono mpaka kwa kwapa."

Tangu siku hiyo, kukiwa na sherehe, hawakumpa tena zamu ya kukanda unga wa chapati. Walimpa sufuria aoshe. Na kila akifika walimkaribisha kwa furaha kubwa, ila mikono walimpa kwa ncha za vidole.

Dirisha lenyewe lilikuwa la kweli kabisa. Maksai wa kituo, mnyama mkubwa mweusi mwenye madoa meupe, alipasuliwa na daktari wa mifugo miaka iliyopita, kwa ganzi na kwa uangalifu, akawekewa pete ya mpira kwenye ubavu wa kushoto. Kidonda kikapona, pete ikabaki, na kupitia pale wataalamu wakawa wanachungulia tumbo lake kubwa, lile la kwanza, ambamo nyasi huchachuka na kuchambuliwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Mnyama mwenyewe hakujali. Alilala, akatafuna, akanenepa. Jina la Chifu alipewa na Muoki, kijana wa upande wa kuku, ambaye alisema kila mgeni lazima aanze kwake, kila kitu analetewa alipo, na tumbo ndilo kazi yake.

Waruguru hakuanzia hapo. Usichana wake ulipita katika kuchuma kahawa upande huohuo wa Ruiru, enzi ambazo mashamba yalienda mpaka macho yachoke. Kahawa iling'olewa, nyumba zikapandwa. Binti yake Nyawira sasa aliishi mtaa wa Membley, ndani ya geti, na Waruguru aliapa kwamba sebule ya Nyawira imekaa juu ya mistari aliyowahi kuichuma yeye. "Hapa kwa kochi kulikuwa na siafu," alimwambia mkwewe mara ya kwanza alipoketi. Mkwe akainua miguu.

Kituoni aliingia kama kibarua wa kufagia, akahamishiwa kukata napia, yale majani marefu ya ng'ombe, na hatimaye akapewa Chifu, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kumfungua kizibo bila kupigwa teke. Muoki alijaribu siku moja tu. Alitua juu ya lundo la napia, akarudi kwa kuku wake na hakuulizia tena habari za kupandishwa cheo.

Mumewe Githae, aliyekuwa fundi wa mashine katika kiwanda kimoja Thika, alifariki wakati watoto wamekwisha kutawanyika. Baada ya hapo nyumba ya Witeithie ikawa na sufuria kubwa na mtu mmoja. Waruguru hakuwahi kujifunza kupika githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemshwa pamoja, kidogo. Alipika kama kawaida, akala jioni akiangalia kalenda ukutani, akafunga iliyobaki kwenye mkebe na kwenda nayo kazini. Hata akienda Membley hali haikuwa tofauti sana. Kule kila mtu alikula saa yake, akajipashia chakula chake moto na kukaa na simu yake. Mara moja Waruguru aliomba dua ya chakula kwa sauti, na alipofumbua macho akakuta aliyebaki mezani ni yeye na chupa ya pilipili.

Sasa lazima nieleze malezi yake, maana ndiyo yaliyoleta balaa. Mamake alimlea kwamba huwezi kutafuna mbele ya mtu asiyetafuna. Mtu akipita unakula, unamwambia karibu, na unamaanisha. Akikataa, unamkatia hata kipande kidogo, akitie mdomoni ndipo na wewe uendelee. Kula huku mwenzako anakuangalia ilikuwa aibu kuliko kuiba. Waruguru alilishika neno hilo kwa nguvu zote, na siku ya kwanza aliyoketi juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya kihori cha Chifu, akafungua mkebe, akainua kijiko, alikuta macho mawili makubwa yanamtazama.

Macho ya ng'ombe hayaombi. Yanangoja tu, na hilo ni baya zaidi. Waruguru alijaribu kumpa mgongo. Akasikia pumzi shingoni. Basi akageuka, akachota ngumi moja ya githeri, akamwekea kihorini, na yeye akala. Kesho yake hakungoja kutazamwa. Alimtangulizia Chifu yake kwanza, kwa sababu zizi lilikuwa la Chifu na yeye ndiye mgeni. Hivyo ndivyo walivyokula pamoja miaka na miaka, na saa ile ya mchana ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Hakumwambia mtu. Si kwamba alificha, hakuna aliyemuuliza.

Kisha akaja Emmah.

Emmah alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamifu, msichana wa Thika, mwembamba, mwepesi wa hatua, aliyetembea kana kwamba kuna mtu anamfukuza. Na kweli alikuwepo: chuo kilikuwa kimeshampa muda wa mwisho. Alikuja na swali moja. Thika na viunga vyake kuna maganda ya nanasi ya kutupwa, malundo kwa malundo, yanachachia barabarani na kuvuta nyuki. Je, kiangazi napia ikikauka, ng'ombe anaweza kuyala yakamfaa? Aliyakusanya kwenye vibanda vya matunda, akayakatakata, akayashindilia kwenye mapipa yaliyofunikwa yasipate hewa, na yalipoiva yakawa na harufu iliyomfanya Muoki aulize kama yanauzwa kwa glasi.

Kazi ilikwenda hivi. Chifu alipimiwa chakula asubuhi na jioni, nusu napia na nusu maganda. Alichobakiza kilipimwa. Kilichotoka upande wa pili kilipimwa pia, chote, kila donge, na mtu wa kukidaka kabla hakijachanganyika na mkojo alikuwa Waruguru, na beleshi lake na ndoo yake; usiku na wikendi zamu ilikuwa ya mlinzi wa lango. Ukijua kilichoingia na kilichotoka, tofauti yake ndiyo faida ya ng'ombe. Zaidi ya hapo kulikuwa na vifuko vidogo vya nailoni vyenye matundu membamba. Emmah alivijaza maganda makavu yaliyosagwa, akavifunga kwenye kamba, na Waruguru akishafungua kizibo, akavipitisha dirishani na kuviacha tumboni. Kila baada ya saa kadhaa alivuta kimoja, akakiosha, akakikausha, akakiweka kwenye mizani. Kilichopungua kilikuwa kimeliwa na vijidudu.

"Kitu moja tu," Emmah aliwaambia wote siku ya kwanza. "Chifu hakuli lishe ingine yoyote. Hata kidogo. Tukiingiza lishe ingine, hizi results hazina maana."

Waruguru alikubali kwa moyo wote. Alimfukuza Muoki aliyekuja na majani ya viazi. Alificha jiwe la chumvi. Mbuzi wa jirani alipochungulia langoni alimtolea maneno ambayo singependa kuyaandika. Mlinzi mkali kama yeye hakuwahi kuonekana. Na saa saba mchana aliketi juu ya ndoo, akafungua mkebe, akamwekea Chifu ngumi yake ya githeri.

Usimcheke mapema. Kichwani mwake hakukuwa na mgongano wowote. Emmah alikataza lishe. Lishe ni napia, ni ule unga wa dairy meal, ni hayo maganda. Githeri ni chakula cha mchana. Tena ngumi moja hata si chakula, ni adabu, na hakuna daktari anayeweza kukataza adabu.

Matokeo yalianza kuja, na yalikuwa mazuri ajabu. Vifuko vilitoka tumboni vikiwa vyepesi kuliko Emmah alivyotarajia. Maganda yalikuwa yanasagika kweli kweli. Emmah akaanza kutembea polepole na hata kutabasamu. Akamweleza Daktari Perez, mkuu wa kituo, mama mrefu mpole wa kutoka Kisumu ambaye alikuwa akivua miwani yake kila alipopata habari njema. Daktari Perez alivua miwani. Kisha akaalika wageni wa wafadhili waje wajionee.

Wageni walikuja Jumatatu. Ingekuwa siku nyingine yoyote, labda hadithi hii isingekuwepo, kwa sababu siku za kawaida Waruguru alipika mahindi na maharagwe mekundu, ambayo yakishalainika huwezi kuyatofautisha na chochote. Lakini Jumapili alipika njahi. Kila mtu wa upande ule anaijua njahi: punje nyeusi tititi yenye mstari mweupe ubavuni, kama mtu aliyeipaka kwa brashi. Ni chakula cha heshima. Na kwa kuwa siku ile kulikuwa na wageni, na Chifu ndiye mwenyeji, mchana Waruguru alimwongezea ngumi ya pili.

Wageni walifika wakiwa wameshiba, wakasimama nusu duara, na tai zao na viatu vyao vya kuazima vya mpira. Emmah alivaa glavu ndefu inayofika begani. Waruguru alimshika Chifu kichwa na kumnong'oneza. Kizibo kikatoka, mvuke ukapanda, mgeni mmoja akarudi nyuma na kujifanya anapiga picha.

"Tunachokiona hapa," Emmah alisema kwa Kiswahili chake cha siku ya wageni, "ni mchanganyiko wa napia na maganda ya nanasi, na hakuna kingine." Akaingiza mkono, akachota, akautoa. Akafungua kiganja mbele yao.

Juu kabisa, nzima, safi, iking'aa, ilikuwa imekaa njahi.

Wote waliitazama. Nayo, ningesema, iliwatazama.

"Na hii ni nini?" aliuliza mgeni mmoja.

"Hiyo ni njahi," Muoki alisema kutoka nyuma, kwa sababu Muoki hajawahi kunyamaza palipohitaji kunyamaza.

"Njahi ni kitu gani?" Daktari Perez aliuliza.

"Ni maharagwe fulani, Daktari. Wakikuyu wanapikia mama akijifungua." Muoki alimwangalia Chifu kwa muda. "Pengine tumpongeze."

Wageni walicheka mpaka wakashikana mabega. Daktari Perez alicheka pia, mdomo tu, macho hayakucheka. Emmah hakucheka hata kidogo. Aliurudisha mkono tumboni kama mtu anayetafuta funguo, akatoa njahi nyingine mbili.

Wageni walipoondoka, hakuna aliyehitaji kufanya uchunguzi. Emmah aliuliza tu, "Ni nani?" na Waruguru akajibu, "Ni yangu."

"Mama, si nilisema asipewe kitu?"

"Sikumpa kitu."

"Na hii imeingia aje?"

"Sikuwa nampa, mami," Waruguru alisema. "Tulikuwa tunakula."

 Emmah akamweleza, taratibu. Maganda ya nanasi yana sukari na nyuzi, lakini yana upungufu mkubwa wa protini. Maharagwe yamejaa protini. Vile vijidudu tumboni vikipata protini vinachapa kazi. Kwa hivyo miezi hii yote vilikuwa vinakula maharagwe ya Waruguru na kupata nguvu za kusaga maganda ya Emmah, na maganda yakasifiwa kwa kazi ya maharagwe. Huwezi kujua ni kiasi gani, kwa sababu ngumi ya Waruguru haikupimwa. Hakuna namba hata moja iliyofaa. Ilibidi kurudia kila kitu, tangu kumzoesha mnyama chakula, na chuo hakingeongeza muda tena. Marudio hayo ndiyo yangekuwa nafasi yake ya mwisho.

Baadaye Waruguru alikwenda nyuma ya mapipa kutafuta beleshi, akamkuta Emmah amechuchumaa pale, glavu bado iko mkononi, analia bila sauti. Waruguru aliondoka kwa kunyata. Moyo ulimuuma. Alikuwa ametunza ng'ombe, akamharibia mtoto wa mtu masomo.

Daktari Perez alimwita ofisini. "Mama Nyawira, nimefikiria nikupeleke kwa kuku. Kuku wanakula kutwa nzima, hutasikia haya kula mbele yao."

"Daktari, usinitoe kwa Chifu."

"Si adhabu. Ni kwamba sijui nifanye nini."

"Hatakubali kufunguliwa kizibo na mtu mwingine. Muulize Muoki." Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amepanga kulisema. "Nikienda kwa kuku sitakuwa na mtu."

Daktari Perez alimwangalia. Akavua miwani, ingawa hakukuwa na habari njema. "Sawa. Lakini ikionekana punje moja, hata moja, utakuwa wa kuku mpaka ustaafu. Tumeelewana?"

Walielewana. Shida ni kwamba kuelewana hakukumtatulia Waruguru saa saba mchana. Kuondoka zizini hakuweza, kwa sababu Chifu hakuwa na ratiba ya mavi, na kila donge lilikuwa mali ya chuo. Kula mbele yake bila kumpa hakuweza. Alijaribu siku ya kwanza, akainua kijiko, macho yale mawili yakamngoja, kijiko kikarudi mkebeni chenyewe. Kumpa hakuruhusiwa. Waruguru alipima njia zote alizokuwa nazo, akabaki na moja. Hakula.

Alikuja kazini bila mkebe. Mchana uliingia na kutoka, naye alikaa juu ya ndoo mikono mapajani, Chifu akimwangalia, yeye akimwangalia Chifu. "Hata mimi sijakula," alimwambia. "Tuko sawa." Na kwa vile jioni chakula cha peke yake hakikumwingia vizuri, nacho kikapungua. Sketi zikaanza kulegea. Alizifunga kwa kamba ya mapipa.

Akina mama wa kanisa waliona haraka, maana macho yao hayapitwi na kitu. Wakajua Waruguru amefunga. Na mtu akifunga muda mrefu hivyo, ana ombi zito. Walimfuata baada ya ibada, wakamzunguka, wakamwekea mikono begani, na safari hii viganja vizima.

"Dada, tuambie tukusaidie kuomba. Ni Nyawira? Ni ndoa?"

"Ni ng'ombe," Waruguru alisema.

Walitazamana. Lakini walikuwa wamekwisha kumshika, na wanawake wale wakikushika hawakuachi hivihivi. Wakamwombea ng'ombe kwa sauti kubwa, tumbo lake, vijidudu vyake na dirisha lake. Mama mmoja aliomba dirisha lizibwe kwa jina la Yesu, na Waruguru akalazimika kuyakata maombi katikati na kusema hapana, hilo liachwe.

Nyawira ndiye aliyelipuka. Mamake alikwenda Membley Jumamosi, akamkumbatia mlangoni, na Nyawira, ambaye kawaida alisema "Mami, oga kwanza," alishika mbavu badala ya mgongo. Jumatatu asubuhi alipiga simu kituoni, na aliyeipokea kwa bahati mbaya alikuwa Emmah.

"Nyinyi mnamnyima mamangu lunch?"

"Hapana, siyo hivyo..."

"Ameniambia hawezi kula juu ya research ya mtu anaitwa Emmah. Huyo Emmah ni nani?"

Emmah alisema atamtafuta. Akaweka simu chini, akaenda zizini mbio. Alimkuta Waruguru ameinama na beleshi, kamba ya mapipa kiunoni.

"Mama, kwa nini hukuniambia? Nenda stoo ukule. Mimi nitashika beleshi."

"Atajua."

"Nani atajua?"

Waruguru alimwelekeza kwa kidevu. Chifu alikuwa anatafuna, ametulia, hana hatia wala deni na mtu yeyote.

"Mama, hiyo ni ng'ombe."

"Najua ni ng'ombe, mami. Mimi ndio niko na shida, si yeye."

Emmah alitaka kubishana, lakini donge lilianguka, na wote wawili wakalirukia. Kuanzia siku ile alimletea Waruguru uji asubuhi kabla ya zamu, katika chupa, na kusimama mbele yake langoni, mbali na zizi, mpaka unywewe wote. Waruguru aliunywa kama dawa, haraka, akiangalia pembeni. Emmah alimsimamia kama karani, akaichukua chupa tupu, akarudi kwenye mizani yake. Hawakuongea mengi. Palikuwa na kazi.

Na kazi ikaenda. Vifuko vilitoka tumboni vikiwa vizito kuliko mara ya kwanza. Emmah alivipima, akavipima tena. Muoki alichungulia juu ya bega lake. "Si tungesema tu Chifu anakula na githeri? Research ya githeri. Hiyo hata mimi nitasoma."

"Toka hapa, Muoki."

Waruguru aliposikia hayo aliuliza, akiwa ameshika ukingo wa meza, "Imeharibika tena?"

"Haijaharibika." Emmah aliandika namba, akaikagua. "Sio nzuri kama ile ya kwanza. Lakini ni ya ukweli. Maganda yanafaa kiasi. Kiasi tu, na nitasema kiasi. Inatosha."

Siku ya mwisho ya vifuko ilikuwa ya jua kali. Waruguru alikuwa ameamka mapema, akapika njahi, sufuria ile kubwa, na viazi na kitunguu juu, akaibeba kwa kitenge mpaka Ruiru. Aliiacha langoni kwa mlinzi, mbali na pua ya Chifu, na asubuhi nzima akamuuliza Emmah kama vifuko vimebaki vingi. Emmah alivuta kamba. Kifuko cha mwisho kikatoka, chafu, kimelowa. Beleshi la mwisho la mavi likaingia ndooni. Emmah akafunga kizibo kwa mkono wake mwenyewe, na Chifu, kwa mara ya kwanza, akamruhusu.

"Imeisha, Mama. Sasa mpatie."

Daktari Perez alikuwepo, na Muoki, na mhudumu mmoja wa mbuzi. Waruguru alileta sufuria kutoka langoni, akafunua, harufu ikajaa zizi. Hakuchota ngumi. Alichota bakuli zima. Alilimimina kihorini polepole, pembeni kidogo ya maganda ya nanasi yaliyokuwa yamesalia tangu asubuhi, akarudi nyuma hatua moja, akafuta mikono kwenye sketi iliyofungwa kamba.

Chifu alishusha pua. Akanusa njahi. Akapuliza pumzi ndefu, ikatawanya punje mbili tatu. Kisha akasogeza kichwa upande, akaanza kula maganda ya nanasi.

Waruguru alingoja. Alimsukumia njahi karibu kwa kiganja. Chifu alizipita kwa ulimi, kwa ustadi mkubwa, akachukua ganda.

"Haiya," Waruguru alisema. "Wee Chifu."

Muoki alivunjika mbavu. Alishika nguzo asianguke. Hata Daktari Perez aligeuka akawapa mgongo, mabega yakitikisika. Waruguru mwenyewe alisimama na bakuli tupu, na lazima niseme ilimuuma, ilimuuma sana. Alikuwa amekonda kwa ajili ya huyu. Alikuwa ameombewa na kanisa zima. Na huyu hakuwa amekumbuka hata ladha. Pengine hakuwahi kungoja kitu chochote miaka ile yote, alikuwa anaangalia tu, kama ng'ombe anavyoangalia ukuta.

Kicheko kilipoisha, watu walianza kuondoka. Emmah alibaki. Alikuwa amevua glavu, anaikunjakunja mikononi.

"Mama, hizo zingine utapelekea nani?"

"Sijui. Kuku."

"Nipatie mimi."

Waruguru aligeuka akamtazama, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama sawasawa. Shingo ile nyembamba. Mifupa ya mikono. Alijaribu kukumbuka saa saba za mchana zote zilizopita, tangu msichana huyu aje, na katika zote alimwona Emmah akipita na mizani, akipita na ndoo, akipita na kamba, hatua chache kutoka kwenye mkebe uliofunguliwa. Hakukumbuka hata siku moja aliyomwambia karibu. Alidhani wasomi wanakula ofisini. Hakuwa ameuliza.

"Wewe huwa unakula wapi, mami?"

"Sikuli. Nakunywa soda." Emmah alicheka kidogo, akaacha. "Ile siku ya wageni, niliona umeniona nalia huko nyuma. Haikuwa data peke yake. Nilikuwa na njaa, Mama, na nikaona Chifu amekula njahi."

 Waruguru alipindua ndoo ya pili, akaipangusa kwa kitenge chake, akaiweka kando ya ile yake. Emmah akaketi. Waruguru alitafuta sahani, akaikosa, akamjazia kifuniko cha sufuria mpaka juu, na hakuinua kijiko chake mpaka alipoona msichana ametia cha kwanza mdomoni.